Mazoezi na Shinikizo la Juu la Damu kwa Mama Mjamzito: Kupima Kwanza, Kutembea Baadaye

Katika siku za bamvua, maji ya bahari yanapokupwa hadi mbali, wanawake wa Msimbati, Msangamkuu, Naumbu na vijiji vingine vya pwani ya Mtwara hushuka mwambani kuchokoa pweza na kuokota chaza. Miongoni mwao huwapo wajawazito. Mama mwenye mimba ya miezi saba huinama na kuinuka juani kwa saa kadhaa, kisha hujitwisha ndoo na kurudi nyumbani, ambako kinu na mchi vinamsubiri. Jioni kichwa kikimuuma, yeye na walio karibu naye husema ni jua na uchovu. Mara nyingi husema kweli. Mara nyingine, hata hivyo, maumivu hayo ni dalili ya shinikizo la juu la damu, na hakuna awezaye kutofautisha mambo hayo mawili kwa kumtazama tu. Ni kipimo peke yake kinachotofautisha.

Somo hili linaeleza nafasi ya mazoezi katika kuzuia na kudhibiti shinikizo la juu la damu wakati wa ujauzito. Jibu lake lina sehemu mbili zinazopaswa kushikwa pamoja. Kwanza, mazoezi ya wastani ni kinga ya kweli, na mama mwenye afya njema hana sababu ya kuyaogopa. Pili, shinikizo likishapanda, mazoezi si dawa ya kujiandikia mwenyewe. Uamuzi wa kuendelea, kupunguza au kuacha hutoka kwa mtoa huduma aliyepima.

Shinikizo la juu la damu ni nini?

Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inapozisukuma kuta za mishipa. Hupimwa kwa namba mbili: ya juu, moyo unaposukuma damu, na ya chini, moyo unapopumzika. Kwa mjamzito, shinikizo huhesabiwa kuwa la juu namba ya juu inapofikia 140 au zaidi, au ya chini inapofikia 90 au zaidi. Likifikia 160 kwa 110 ni hali ya dharura, hata kama mama anajiona mzima.

Hali hii huja kwa sura tatu. Wapo wanawake waliokuwa na shinikizo la juu kabla ya kubeba mimba, au wanaogunduliwa kuwa nalo kabla ya wiki 20. Wapo ambao hulipata baada ya wiki 20, bila dalili za kudhurika kwa viungo vingine. Na wapo ambao, pamoja na shinikizo kupanda baada ya wiki 20, huwa na protini katika mkojo au dalili za kudhurika kwa figo, ini, ubongo au damu. Hiyo ya tatu ndiyo hatua ya awali ya kifafa cha mimba. Isipotibiwa, mama anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Maisha yake na ya mtoto huwa hatarini.

Tanzania imepiga hatua kubwa katika kuokoa maisha ya wazazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha vifo 104. Hata hivyo, kifafa cha mimba kimebaki miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo, pamoja na kutokwa damu nyingi. Ni ugonjwa unaoweza kugunduliwa kwa mashine ndogo ya kupimia shinikizo na kipimo cha mkojo, ndiyo maana kila kifo kinachotokana nao huacha swali kama mama huyo alipimwa kwa wakati.

Mazoezi yanasaidiaje?

Mwili unapotembea kwa mwendo wa wastani, misuli huhitaji damu zaidi, na mishipa hulegea na kupanuka ili kuipitisha. Jambo hilo likirudiwa mara kwa mara, mishipa huzoea kulegea, moyo husukuma damu kwa juhudi ndogo zaidi, sukari hutumika vizuri, uzito hauongezeki kupita kiasi na usingizi huwa mzuri. Mambo yote hayo hupunguza mzigo kwa mishipa ya damu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwongozo uliotolewa Kanada mwaka 2019, baada ya kupitia tafiti nyingi, ulieleza kuwa mazoezi ya kiasi hicho yanahusiana na kupungua kwa takriban asilimia 40 kwa uwezekano wa kupata matatizo ya ujauzito, likiwemo shinikizo la juu la damu linaloletwa na mimba na hatua ya awali ya kifafa cha mimba.

Mpaka wa msaada huo nao unapaswa kueleweka. Hatua ya awali ya kifafa cha mimba huanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha kondo isipopanuka inavyotakiwa katika miezi ya mwanzo, kondo hukosa damu ya kutosha na kutoa kemikali zinazodhuru mishipa ya mwili mzima wa mama. Hali ikifika hapo, hakuna matembezi yanayoweza kuirudisha nyuma. Tiba hutolewa kituoni: dawa za kushusha shinikizo, sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, na hatimaye kuzaa, kwa kuwa chanzo cha ugonjwa ni kondo lenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionesha kuwa sindano hiyo hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Mama anayekaa nyumbani akitarajia kutembea kutamponya anajinyima tiba hiyo.

Kazi nzito si mazoezi

Mwanamke wa pwani ya Mtwara akiambiwa afanye mazoezi, huenda akauliza ni mazoezi gani zaidi ya anayoyafanya tangu alfajiri. Hoja yake ni ya haki na inastahili jibu. Kuchota maji, kutwanga, kulima mihogo, kuinama siku nzima kuokota korosho katika msimu, kutembea mwambani kwenye jua kali: yote hayo hutumia nguvu, lakini hayaupi mwili faida ileile.

Mazoezi ya kinga huwa na kiasi, hupandisha mapigo ya moyo polepole, hufuatwa na mapumziko, na mama huyaacha anapotaka. Kazi nzito haina hiari hiyo. Ndoo ya lita 20 huwa na uzito wa takriban kilo 20, na anayeijitwisha hubana pumzi, jambo linalopandisha shinikizo ghafla. Tafiti kuhusu kazi na ujauzito zimehusisha kuinua mizigo mizito na kusimama muda mrefu na ongezeko la matatizo ya ujauzito, ikiwemo hatua ya awali ya kifafa cha mimba.

Kwa hiyo, kwa mama mwenye kazi nyingi, somo la mazoezi huanza kwa kubadilishana. Apunguziwe ndoo, apewe nusu saa ya kutembea bila mzigo. Mchi ushikwe na mwingine, naye apate muda wa kunyoosha mgongo na miguu. Kumwongezea mazoezi juu ya kazi zilezile ni kumwongezea uchovu, na uchovu hauzuii shinikizo.

Nani afanye, nani asubiri, nani aache?

Kundi la kwanza ni mama ambaye shinikizo lake ni la kawaida na ambaye mtoa huduma hakuona tatizo lingine. Huyu anahimizwa kufanya mazoezi tangu miezi ya mwanzo. Anahitaji kinga zaidi ikiwa hii ni mimba yake ya kwanza, ana mapacha, ana kisukari, ana uzito mkubwa, au alipata shinikizo la juu katika mimba iliyopita. Aeleze historia hiyo hudhurio la kwanza, kwa kuwa baadhi ya wanawake wa kundi hili huandikiwa dozi ndogo ya aspirini, ambayo hufaa zaidi ikianzwa mapema. Asiinunue na kuimeza bila kuandikiwa.

Kundi la pili ni mama aliyekuwa na shinikizo la juu kabla ya mimba na linadhibitiwa vizuri kwa dawa, au aliyelipata baada ya wiki 20 bila dalili nyingine. Huyu asianze wala kuendelea na mazoezi kabla ya kuzungumza na muuguzi mkunga au daktari. Wapo watakaoruhusiwa matembezi mepesi na kupimwa mara kwa mara. Wapo watakaoambiwa wasubiri.

Kundi la tatu ni mama mwenye hatua ya awali ya kifafa cha mimba, au mwenye shinikizo la 160 kwa 110 au zaidi. Huyu hafanyi mazoezi; mahali pake ni kituoni. Mazoezi husimamishwa pia kwa mama anayetokwa damu ukeni, aliyepasukiwa na chupa ya uzazi, mwenye dalili za uchungu kabla ya wakati, au mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo.

Kuacha mazoezi hakumaanishi kulazwa kitandani usiku na mchana. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kumlaza kitandani muda wote mama mwenye shinikizo la juu hakupendekezwi kama njia ya kuboresha matokeo ya ujauzito. Mama huyo hujihudumia na kujongea kadiri mtoa huduma atakavyomweleza.

Ratiba nyepesi ya wiki

Kwa mama wa kundi la kwanza, na wa kundi la pili aliyeruhusiwa, ratiba ifuatayo haihitaji vifaa wala fedha.

1. *Kutembea.* Aanze na dakika 10 kwa siku, aongeze dakika tano kila wiki hadi afikie dakika 30 kwa siku tano za wiki. Dakika tano za kwanza na za mwisho ziwe za mwendo wa polepole. Njia iwe tambarare. Mchanga mgumu wa ufukweni unafaa, bali mwamba wenye utelezi haufai.

2. *Kupima mwendo kwa mazungumzo.* Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha kuzungumza bila kukatika pumzi, ingawa kuimba kungemshinda. Akishindwa kuzungumza, apunguze.

3. *Kuchuchumaa nusu.* Ashike nguzo au fremu ya mlango, ashuke kidogo kama anayetaka kukaa kitini, kisha ainuke. Arudie mara nane hadi kumi, akitoa pumzi anapoinuka. Asibane pumzi.

4. *Mikono na mabega.* Akiwa amekaa kitini au kwenye kigoda, anyanyue mikono hadi usawa wa mabega na kuishusha mara kumi, kisha azungushe mabega polepole.

5. *Misuli ya nyonga.* Aibane kama anayezuia mkojo, ahesabu hadi tano, aiachie. Arudie mara kumi. Zoezi hili hufanyika mahali popote.

6. *Vifundo vya miguu.* Akae, anyooshe miguu, avute vidole kuelekea kwake na kuvirudisha mara 15. Husaidia damu kurudi kutoka miguuni.

Saa zinazofaa ni asubuhi kabla ya jua kuwa kali au jioni linapopungua, hasa katika miezi ya joto ya Novemba hadi Machi. Mama anywe maji kabla na baada ya kutembea. Baada ya mwezi wa nne asifanye mazoezi kwa kulala chali, kwa kuwa uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Anapopumzika alale ubavu, hasa wa kushoto. Aepuke kuruka, kukimbizana, kubeba vizito na kila kinachoweza kumwangusha.

Dalili zinazosema simama

Mama asimamishe mazoezi papo hapo na kwenda kituoni akiona mojawapo ya dalili hizi: kichwa kinachouma sana au kisichotulia, kuona maruwiruwi au ukungu, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida kabla hata ya kuanza kutembea, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia, damu au maji kutoka ukeni, uchungu, uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, au mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Kuvimba miguu peke yake huwapata wajawazito wengi wenye afya njema, lakini isiwe sababu ya kupuuza kipimo. Vilevile, mama anaweza kuwa na shinikizo la juu bila dalili yoyote. Kujiona mzima si kipimo.

Degedege ikitokea, mama alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumuumiza, asiwekewe kitu chochote mdomoni, na usafiri utafutwe mara moja. Hii ni dharura ya kitabibu. Muda unaotumika kutafuta uganga ni muda ambao ubongo wake na mtoto wake wanaukosa. Namba 115 ya mfumo wa dharura wa m-mama hupigwa bila malipo, na waratibu wake hupanga gari la wagonjwa au la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa familia za ng'ambo ya ghuba au za kando ya Mto Ruvuma, ambazo safari yake hutegemea chombo cha majini au barabara inayoharibika wakati wa masika, mpango huo ujadiliwe mapema: nani atapiga simu, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto.

Kupimwa kwa usahihi

Mama aende kliniki mara anapojitambua kuwa na mimba, kabla ya wiki 12, ili shinikizo lake la mwanzo lijulikane na kuandikwa katika kadi ya kliniki. Bila namba hiyo ni vigumu kujua baadaye kama limepanda. Akitembea kutoka mbali, apumzike kwanza. Kipimo kichukuliwe akiwa amekaa, mgongo umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa usawa wa moyo. Ana haki ya kuuliza namba yake na kuelezwa maana yake. Anayepewa dawa aimeze kama alivyoelekezwa na asiiache kwa sababu ameanza mazoezi. Dawa za presha za mwanafamilia mwingine asizitumie kabisa. Baadhi yake humdhuru mtoto tumboni. Mama anayefunga Ramadhani akiwa na shinikizo la juu amweleze mtoa huduma, akikumbuka kuwa dini imempa mjamzito ruhusa ya kutofunga akihofia madhara.

Wajibu wa familia

Ratiba iliyotajwa hapo juu haiwezi kufuatwa na mwanamke peke yake. Baba akichukua ndoo na kuni, dakika 30 za mkewe zimepatikana. Mama mkwe akisema hadharani kwamba mkamwana anayetembea jioni si mvivu, aibu imeondoka. Makungwi, ambao maneno yao hubaki kwa wanawake maisha yote, wanaweza kufundisha namba 140 kwa 90 pamoja na mafunzo mengine. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuwakusanya wajawazito wa kitongoji kimoja watembee pamoja. Anayetembea na wenzake hachoki haraka, na akijisikia vibaya kuna wa kumsaidia.

Baada ya kujifungua

Hatari haiishi siku ya kuzaa. Kifafa kinaweza kutokea baada ya mtoto kuzaliwa, hivyo mama aendelee kupimwa katika mahudhurio ya baada ya kujifungua hadi wiki ya sita. Aliyewahi kupata tatizo hili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shinikizo la juu, ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele. Kwake, kutembea kulikoanza kama kinga ya mimba moja kunafaa kuwa desturi ya maisha, pamoja na kupima shinikizo angalau mara moja kwa mwaka.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya kazi nzito na mazoezi? Ni kazi zipi katika kaya mjamzito anaweza kupunguziwa kuanzia leo?
2. Shinikizo la 140 kwa 90 lina maana gani kwa mjamzito, na hatua ya kwanza ni ipi?
3. Kwa nini mama mwenye hatua ya awali ya kifafa cha mimba hapaswi kutegemea mazoezi?
4. Mama akipata kichwa kikali na maruwiruwi usiku katika kitongoji hiki, atafikaje kituoni, na nani atapiga 115?

Kikundi kitakachoshindwa kujibu swali la nne kinashauriwa kisiahirishe mjadala huo. Maswali matatu ya kwanza yanaweza kusubiri kikao kijacho. La nne linaweza kuhitaji jibu usiku wa leo.